Uzi: Kutoka chupa hadi kikombe, tuliyojifunza kituoni Langoni, Lamu

mlezi_langoni
Jumapili, saa 3:20 usiku

Assalaam aleikum wazazi na walezi wenzangu. Unayesoma huku mtoto amekulalia begani, karibu, uzi huu ni wako hasa.

Nina kituo kidogo cha kulelea watoto hapa Langoni, mjini Lamu. Watoto 9, watu wazima wawili: mimi na dada anayenisaidia. Mdogo kabisa ana miezi 7, mkubwa anakaribia miaka miwili. Mama zao wengine ni walimu, mmoja yuko ofisi za kaunti, wawili wanafanya kazi hoteli za Shela na huondoka na boti mapema, mmoja anauza samaki. Kila mtoto hufika na mfuko wake: nepi, nguo za kubadilisha, chakula na chupa. Wawili walikuwa wakija na chupa mbili mbili.

Kilichonigeuza ni chuchu ya chupa moja. Ilikuwa kaskazi, joto lile la mchana ambalo hata punda hujibanza kwenye vivuli vya kuta. Nilikuwa naosha vyombo. Nikaipindua chuchu, ya ndani ikawa nje, nikakuta utando mweupe umeng'ang'ania shingoni mwake, unateleza kidoleni, unanuka maziwa yaliyolala. Chupa ile niliiosha mwenyewe jana yake na kuichemsha. Nikasimama nayo mkononi. Kisha nikageuka kuwatazama watoto mkekani. Watatu walikuwa wamelala chali na chupa mdomoni, kila chupa imeegemezwa kwa leso iliyokunjwa. Hapakuwa na mkono wa mtu hata mmoja pale. Aliyeziegemeza ni mimi.

Nilikuwa nikiwaambia akina mama, "Huyu wako kikombe hakitaki kabisa." Nawaomba radhi kwa neno hilo, maana sikuwa nimewahi kumpakata mtoto na kikombe kwa robo saa nzima. Nilikuwa namwonjesha mara moja, akimwaga namrudishia chupa. Chupa ilinipumzisha mimi, basi nikasema mtoto ndiye aliyeitaka.

Sasa niwaeleze tulivyofanya, na mnaojua zaidi mnirekebishe.

Nilihangaika kwanza na vikombe vya dukani vyenye mfuniko na mdomo, hivyo nitavizungumzia baadaye. Kilichofaa kilikuwa nyumbani tayari: kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono tunachonywea kahawa chungu jioni. Kimekaa kama kilifinyangwa kwa ajili ya mdomo wa mtoto. Juu kimepanuka, kinashika maziwa machache, na ukikiinamisha kidogo tu maziwa yanafika ukingoni, huna haja ya kumbinua mtoto kichwa. Wiki ya pili kimoja kikamomonyoka ukingo, nikaogopea midomo ya watoto, tukahamia vya plastiki ngumu vya kimo hichohicho.

Mtoto namkalisha pajani wima, mgongo wake kifuani kwangu, leso shingoni. Aliye mdogo na anayerusha mikono namfunga mikono ndani ya leso kwa wepesi. Kikombe nusu. Ukingo nauweka juu ya mdomo wa chini bila kukandamiza, nainamisha mpaka maziwa yaguse mdomo wa juu, halafu natulia hapohapo. Simimini. Nangoja yeye ayafuate kwa ulimi au ayafyonze. Akiacha, mimi nakaa vilevile, sikiondoi kikombe wala sikiinui, kwa sababu anapumzika na ataanza tena mwenyewe. Nadhani hapa ndipo tunapoharibu wengi wetu: tuna haraka, tunamimina, mtoto anapaliwa, na kesho yake akikiona kikombe anageuza shingo.

Wa kwanza alikuwa mvulana wa miezi 13 aliyezoea chupa nne kwa siku. Siku ya kwanza alifunga mdomo kama chaza. Siku ya pili akatumbukiza pua akalia. Siku ya tatu nilimwachia akitazame. Akachungulia ndani, akaona maziwa yanacheza, akatia kidole akakilamba. Akatia tena. Mara ya nne, kidole kilipokuwa njiani kwenda kinywani, nikakileta kikombe. Akatoa ulimi akaramba ukingo kama paka, maziwa yakamshuka kidevuni hadi ndani ya shingo, akashtuka, akanitazama usoni kama anayeuliza kama ameruhusiwa. Nikamwambia, "Kunywa, baba." Akanywa. Kama vijiko vitatu hivi. Msaidizi wangu alipiga kigelegele hadi waliolala wakaamka.

Chupa tuliyoiondoa kwanza ni ya saa nne asubuhi, kwa kuwa saa hiyo mtoto yuko macho, hana njaa kali na hana usingizi. Ya mchana ikafuata baada ya wiki. Ya kulalia bado inatushinda kwa baadhi yao na nitakuja kuuliza ushauri.

Je, nyinyi mlifanyaje?

mama_pacha_barani
Jumapili, saa 4:05 usiku

Waaleikum salaam dada. Umenigusa kwenye leso iliyokunjwa, maana mimi hufanya hivyohivyo kwa mmoja nikiwa namshika mwenzake. Niko Barani, Malindi. Pacha wangu wana miezi 10, wanatumia maziwa ya kopo tangu ziwa langu lilipopungua.

Swali langu ni la pesa. Maziwa ya kopo unajua bei yake. Nikijaribu kikombe nusu inaingia shingoni, nusu kwenye leso. Nikiona vile moyo unaniuma, narudi kwa chupa. Wewe hasara hiyo uliibebaje?

mlezi_langoni
Jumapili, saa 4:30 usiku

Pole mwaya, na hongera kwa kulea wawili kwa mpigo. Usianze na maziwa. Anza na maji yaliyochemshwa na kupozwa, wakati wa chakula, vijiko viwili vitatu tu ndani ya kikombe. Hayo yakimwagika hakuna kilichoharibika ila leso. Wakishajua kuvuta maji bila kupaliwa ndipo utie maziwa, na utie kidogo kidogo, unaongeza akimaliza. Usijaze kikombe kwa matumaini. Kwetu kumwagika kulipungua sana mwisho wa wiki ya pili.

Na wape mmoja mmoja, mwenzake akiwa na kijiko cha kuchezea. Wote wawili pamoja hutaweza mwanzoni.

nesi_mstaafu
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Nimefanya kliniki ya watoto kwa miaka mingi, sasa nimestaafu niko Malindi. Mwanangu wa Langoni, namna uliyoieleza ya kuweka ukingo kwenye mdomo wa chini na kungoja ndiyo tuliyokuwa tukiwafundisha akina mama wodini. Watoto njiti wanaoshindwa kunyonya huwa tunawanywesha maziwa ya mama kwa kikombe kidogo namna hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema mtoto wa miezi 8 hajafika umri wa kikombe, hajaona wodi ile.

Niongeze machache ambayo nayaona yanachanganya watu.

Kinachobadilika ni chombo. Maziwa yabaki yaleyale. Nimeona mama akisifu kwamba mtoto wake wa miezi 8 "ameacha chupa," kumbe amemhamishia maziwa ya ng'ombe kwenye kikombe. Kabla ya miezi 12 maziwa ya ng'ombe yasiwe ndiyo kinywaji chake kikuu. Anayenyonya aendelee kunyonya, hadi miaka miwili na zaidi kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na anayetumia maziwa ya kopo aendelee nayo kwa kipimo cha kopo. Mama pacha, najua ni ghali, lakini usiongeze maji ili yafike mbali. Tumbo litajaa na mwili hautapata kitu.

Lingine ni damu. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama, na ikifika kama miezi 6 akiba hiyo inakwisha. Hapo anahitaji chakula: maini, samaki aliyechambuliwa miiba vizuri, pojo, kunde, mchicha. Sasa mtoto wa mwaka na nusu anayetembea na chupa kutwa nzima amejaa maziwa. Ukimpa ugali na samaki anageuza uso. Mama anasema mtoto hapendi chakula. Ukimfunua kope ni nyeupe. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana, na yakizidi yanazuia hata kile kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe. Baada ya mwaka mmoja takribani nusu lita kwa siku inatosha, na kikombe ndicho kinachosaidia kupima, kwa kuwa hakuna mtoto anayezunguka na kikombe kilichojaa mdomoni.

Kuhusu kuosha, kikombe kinataka sabuni na maji safi, na kama huyaamini maji yako, suuza kwa yaliyochemshwa, kisha kipindue kikauke chenyewe. Usikifute kwa kitambaa cha jikoni. Ule utando uliouona kwenye chuchu tunaujua vizuri kliniki, huishia kwenye kuhara. Chupa na chuchu nazo zimeingizwa kwenye sheria yetu ya 2012 inayodhibiti matangazo ya maziwa ya kopo.

mjukuu_mkomani
Jumatatu, saa 8:40 mchana

Nimemsomea bibi yangu uzi huu baada ya chakula. Amesikiliza mpaka mwisho, akaomba nimsomee tena pale pa kikombe cha kahawa. Amesema niandike hivi:

"Waambie sisi zamani hatukuwa na tupa. Mwana aliyefiwa na mamake alipowa maziwa kwa kijiko na kikombe kidogo, na wakakua, wangine yeo ni wazee wa mji. Na mwambie huyo mlezi anywe mbee ya mwana. Akae naye, anywe mai yake polepole, asimpe. Mwana hunwa kwa mato kabula ya kinwa. Akishataka, yuaja mwenyewe." (Kwa Kiamu chake, tupa ni chupa, mai ni maji, mato ni macho.)

Nimemuuliza kama walikuwa wakimfunga mikono kwenye leso. Amesema ndiyo, lakini akishajua kukaa anaachiwa akishike, hata akimwaga.

mlezi_langoni
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Nishikie mkono wa bibi na umbusu kwa niaba yangu. Hilo la kunywa mbele ya mtoto leo jioni nimelijaribu kwa binti wa miezi 11 ambaye amekuwa mgumu. Nilikaa chini naye mkekani nikanywa maji kwa kikombe kilekile anachokikataa. Sikusema neno. Mara ya tatu alitambaa akaja akakivuta mkono wangu. Hakunywa, alikiuma ukingo. Lakini alikifuata mwenyewe, jambo ambalo siku 10 zilizopita hakulifanya.

nahodha_shela
Jumatatu, saa 3:55 usiku

Mimi ni baba, samahani nimeingia baraza la akina mama. Mwanangu ana miezi 20. Analala na chupa, na ndani huwa chai ya maziwa yenye sukari, kwa sababu maziwa matupu alikuwa anakataa. Mimi hulala baharini siku kadhaa kwa wiki, mama yake yuko peke yake, na akinyimwa chupa analia mpaka majirani wanagonga. Meno yake mawili ya mbele juu yameanza kuwa ya kahawia. Mama mkwe anasema ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Ni kweli si kitu?

nesi_mstaafu
Jumanne, saa 1:00 asubuhi

Baraza hili ni la wazazi wote, baba, na umefanya vyema kuuliza.

Ni kitu. Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, usingoje yaume. Mtoto akilala na chupa, mate hupungua, na maziwa au chai hukaa yamezunguka meno ya juu usiku kucha. Ya chini hulindwa na ulimi, ndiyo maana ubovu huu huanzia juu mbele. Kwanza unaona mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, kisha kahawia, kisha jino linameguka. Meno ya utoto mengine hukaa mpaka miaka 11 au 12. Yakioza mtoto hatafuni, halali, na usaha unaweza kufika kwenye jino la ukubwani lililo chini yake.

Chai iache kabisa kwa umri huo. Sukari inajulikana, lakini majani ya chai nayo huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo unamharibia meno na damu kwa chupa moja. Na kunywa akiwa amelala chali huchangia maumivu ya masikio, maana kuna njia inayounganisha koo na sikio.

Maziwa apewe kwa kikombe, akiwa amekaa, kabla ya kulala. Apigwe mswaki. Baada ya hapo maji tu.

mlezi_langoni
Jumanne, saa 2:30 usiku

Kaka, niongeze la usiku kwa sababu ndilo linalonitoa jasho hata mimi. Mwanao hana njaa saa hiyo, anatafuta kitu cha kumtuliza, na kwa miezi 20 kitu hicho kimekuwa chuchu. Ukimnyang'anya bila kumpa kingine analia kwa haki yake. Sisi tunashusha kwa hatua: chai inapunguzwa sukari kila siku chache, kisha maziwa bila chai, kisha chupa ya kulalia inakuwa ya maji tu. Akiona ni maji wengi huiacha wenyewe. Wakati huohuo anapata kitu kingine kilekile kila usiku. Kwetu ni leso moja yenye harufu ya mama yake, na kupigwapigwa mgongoni. Mama wa mvulana wetu wa miezi 13 alituletea leso aliyolala nayo na akatuomba tusiifue.

Panga uanze usiku ambao wewe uko nyumbani. Mama peke yake, na majirani wanagonga, atairudisha chupa, na simlaumu.

mpwani_asilia
Jumatano, saa 7:20 mchana

Mnajisumbua bure. Pakeni shubiri kwenye chuchu, siku moja tu, mambo kwisha. Sisi wote tuliachishwa ziwa hivyo na tuko hai.

mlezi_langoni
Jumatano, saa 2:45 usiku

Ndugu yangu, najua shubiri, mimi pia niliachishwa hivyo. Lakini kituoni sitaifanya, na nawaomba walezi wenzangu msiifanye. Mtoto tunayeachiwa asubuhi analia mama yake anapoondoka. Kitu pekee alichokuja nacho kutoka nyumbani ni ile chupa. Akiiweka mdomoni akakuta uchungu, kwa mkono wangu mimi mgeni, kesho atakubalije kikombe kutoka mkono huohuo? Nataka mtoto aone kuwa ninachompa hakina hila. Na shubiri ni dawa kali, tumbo la mtoto mdogo si la kuchezea.

mwalimu_hindi
Jumatano, saa 4:10 usiku

Mimi niko Hindi, hapa Lamu, likizo yangu ya uzazi, miezi mitatu ya kisheria, inaisha wiki mbili zijazo. Mtoto ananyonya tu na sijawahi kumpa chupa. Kila mtu ananiambia nimzoeshe chupa haraka la sivyo atakufa njaa kwa mlezi. Inawezekana kuruka chupa kabisa, akaenda kikombe kwa umri huu?

nesi_mstaafu
Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Inawezekana kabisa, mwanangu, na usimpe chupa. Kamua maziwa, mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo kama ilivyoelezwa hapo juu. Mtoto wa umri huo hataki kunywa kwa mafunda, ataramba kwa ulimi, acha arambe. Anza wiki hizi mbili, na ampe mtu mwingine, si wewe, kwa sababu akikuona atataka ziwa. Usingoje mpaka analia kwa njaa.

Maziwa yaliyokamuliwa kwa kawaida husemwa yanakaa saa 4 nje ya friji, lakini kipimo hicho ni cha joto la hadi nyuzi 25. Kwetu pwani joto linapita hapo, kwa hiyo yaende kwa mlezi kwenye kikasha cha barafu. Yaliyobaki kwenye kikombe mtoto akishakunywa, mwaga.

Na shuleni uliza mahali pa kukamulia. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba kwa ajili hiyo. Uliza kwa upole, lakini uliza.

mlezi_muyeye
Alhamisi, saa 3:30 usiku

Mimi pia ni mlezi, Muyeye, Malindi. Nimesoma yote, ni mazuri, lakini nitasema linalonikaa moyoni. Nina watoto 14 na tuko wawili. Mama zao wanatoka saa kumi na mbili wanarudi saa kumi na mbili. Wanalipa kidogo kwa sababu wanapata kidogo. Dakika 15 kwa mtoto mmoja na kikombe nitazitoa wapi? Wale wengine 13 ni nani awaangalie? Siku nyingine nasikia kama mnaniambia mimi ni mlezi mbaya.

mlezi_langoni
Alhamisi, saa 5:00 usiku

Dada yangu, nisamehe kama nimekufanya ujione hivyo. Nimekaa na swali lako tangu nilipoliona, watoto wangu wamelala, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Wewe si mlezi mbaya. Watoto 14 kwa watu wawili ni wengi, na hakuna kikombe kitakachobadilisha hesabu hiyo. Mimi nina 9 na nilikuwa naegemeza chupa.

Lakini hesabu nyingine niliifanya na ndiyo iliyonipa nguvu. Kituoni kwetu zilikuwa zinaingia chupa 11 kwa siku. Kila chupa ina vipande vinne: chupa yenyewe, chuchu, pete inayokaza na kifuniko. Hivyo ni vipande 44, vioshwe kwa brashi kimoja kimoja, vichemshwe, vikaushwe, vikusanywe tena, na usichanganye za huyu na za yule. Msaidizi wangu alikuwa akipotea jikoni zaidi ya saa nzima, na gesi inawaka. Kikombe ni kipande kimoja. Kidole kinafika kila mahali. Saa ile ya kuosha ndiyo niliyoihamishia mkekani. Sikupata mikono mipya, nilitoa miwili jikoni.

Halafu si wote wanaohitaji paja. Waliovuka miezi 15 hivi nawakalisha mstari mmoja mkekani, migongo ukutani, kila mmoja na kikombe chake chenye maji au maziwa ya kina cha vidole viwili. Wanatazamana, na anayejua anamfundisha asiyejua bila mimi kusema kitu. Wanamwaga, ndiyo. Mkeka unafutwa. Wakati huo msaidizi anawaangalia wao, mimi nachukua mdogo mmoja tu pajani. Kesho mwingine. Sikuwafundisha wote wiki moja. Nilianza na mmoja, na nilipomaliza na huyo nilikuwa nimepunguza chupa zake za kuosha.

Kwa 14 ningeanza na mmoja aliye karibu zaidi na kuweza, yule anayenyakua kikombe chako cha chai ukipita. Na ningewaambia mama zao kwa uwazi, "Nataka tuache kuwalaza na chupa, naomba muendeleze nyumbani." Wengine wataona unawaongezea kazi. Mwambie aje mapema siku moja aone mtoto wake anavyokunywa. Mama akiona kwa macho yake hubadilika kuliko kwa maneno.

La kuegemeza ndilo ninalokuomba uliache hata kama chupa zitabaki. Mtoto aliyelala chali na chupa iliyoegemezwa akipaliwa hawezi kuitoa mwenyewe, na wewe uko upande wa pili wa chumba. Kama ni chupa, awe amekaa na mtu ameishika.

mlezi_muyeye
Ijumaa, saa 12:20 asubuhi

Vipande 44. Sikuwahi kuhesabu. Zangu ni zaidi ya hivyo. Kuna binti hapa wa miezi 16 kila siku anadai kikombe changu cha chai. Nitaanza na yeye Jumatatu.

mama_pacha_barani
Ijumaa, saa 6:15 mchana

Na vile vya mfuniko na mdomo, mlisema mtavizungumzia?

mlezi_langoni
Ijumaa, saa 3:00 usiku

Kweli, nilisahau. Vile vyenye kizuizi ndani, ambavyo ukivipindua havimwagi hata tone, mtoto anafyonza kama chupa tu, kwa hiyo hajajifunza lolote jipya. Na kile kizuizi kina kona kama za chuchu. Vinavyotiririka vyenyewe ukiviinamisha vinafaa kwa safari, kwenye boti au tuktuk. Mkekani tumia cha wazi.

mlezi_langoni
Wiki tano baadaye, Jumamosi, saa 3:15 usiku

Narudi na taarifa, kama nilivyoahidi wachache ujumbe wa pembeni.

Chupa zimebaki tatu kutoka 11. Mbili ni za watoto walio chini ya miezi 9 ambao wanapata chupa moja moja mchana na mengine kwa kikombe. Ya tatu si ya kituoni, ni ya nyumbani kwa yule binti wa miezi 11, sasa karibu mwaka. Kituoni anakunywa kwa kikombe vizuri, anakishika kwa mikono miwili na anakirudisha chini bila kukiangusha. Nyumbani anapewa chupa, kwa sababu bibi yake anamlea usiku na amechoka, na mama yake hataki mabishano na mkwewe. Nilimpigia bibi simu, tukazungumza kwa heshima. Amekubali chupa ya usiku iwe ya maji. Nimeridhika na hapo kwa sasa.

Mmoja aliharisha wiki ya tatu, homa juu, akakataa kikombe na chakula. Nilifikiri tumeanza upya. Mama yake alimnyonyesha zaidi, ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, tukampa kwa kijiko, na alipopona alikirudia kikombe siku ileile. Wengine mnaweza kuogopa kama nilivyoogopa.

Yule mvulana wa kwanza sasa ana miezi 14. Juzi nilikuwa nimempakata mdogo wa miezi 8, najaribu, hataki. Mvulana akaja na kikombe chake kitupu, akakiweka kwenye mdomo wa chini wa mwenzake, polepole, akangoja.

Jumatatu anakuja mtoto mpya wa miezi 6. Mama yake ameniuliza alete chupa ngapi. Nimemwambia alete nguo mbili za kubadilisha zaidi, maana atalowa sana wiki ya kwanza, na kikombe kimoja kidogo kutoka nyumbani kwao.